Namna ya kumkumbuka sahibu aliyechukuliwa na moto wa maweni: mwongozo kamili kwa asiyekuwa mrithi

Mtu akifariki kwetu, kila mmoja ana mahali pake pa kukaa. Mjane huingia eda ya miezi minne na siku kumi, wazazi na watoto hupokea mikono na ubani, ndugu wa kiume hushughulikia sanda na kaburi, na baadaye warithi hukaa na wazee au hufika kwa Kadhi wakagawana kilichobaki kwa mafungu yanayojulikana. Rafiki hana fungu. Huketi barazani pamoja na wote waliokuja kuzika, akala chakula cha msibani, akanawa mikono, na siku ya nne hutarajiwa awe kazini kama kwamba hakupotewa na kitu. Wazee wana msemo mkali kuhusu jambo hili: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Niliambiwa msemo huo matangani na mtu asiyenitakia ubaya wowote, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijadiliana nao kichwani.

Mwongozo huu nimewaandikia wale wanaokaa barazani. Sahibu yangu alifariki mwezi wa Februari, miaka sita iliyopita, katika moto ulioanzia kwenye konde moja la upande wa kusini wa Unguja, ukaruka na kuingia msituni. Simtaji jina, kwa kuwa mama yake yu hai na hajaniruhusu kulitia jina la mwanawe katika maandishi, na ruhusa ya namna hiyo haichukuliwi kwa nguvu.

Kwa msomaji asiyeyajua maweni, ni ardhi ya mawe ya matumbawe ambayo udongo wake umejificha katika mashimo na nyufa, na juu yake huota vichaka vigumu vinavyokauka upesi. Mkulima hufyeka, huacha majani na matawi yakauke kwa jua la kaskazi, kisha huchoma kabla mvua za masika hazijaanza mwezi wa Machi. Kwa hiyo miezi ya hatari zaidi, Januari na Februari, ndiyo hasa miezi ambayo watu wengi hushika kiberiti. Warina asali wenye mienge na wachoma makaa nao wamo humohumo. Moto wa aina hii haushangazi mtu yeyote mpaka upepo unapobadilika.

Hatua ya kwanza: siku tatu za mwanzo

Kazi ya kwanza ya rafiki iko kwenye simu. Mwili uliopita katika moto hupigwa picha na watu ambao hawana nia mbaya, na kabla ya jeneza kufika msikitini picha hiyo imeshatembea katika makundi matatu ya WhatsApp. Usiende kukemea katika kundi, kwa sababu hata ambaye hakuiona ataanza kuitafuta. Mfuate kila mtu peke yake, kwa jina lake, umwambie kwa upole: "Kaka, ile picha ifute, tafadhali. Mama yake hana simu, lakini wajukuu zake wanazo." Mimi niliwafuata watu kumi na mmoja kwa siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyenikatalia.

Kazi ya pili ni kuwaondolea jamaa wasiwasi kuhusu josho. Watu huogopa kwamba maiti aliyeungua amekosa haki yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika visiwa hivi, maiti ambaye akikoshwa mwili wake utaharibika hutayamamiwa, yaani hupanguswa kwa udongo safi, badala ya kukoshwa, kisha huvishwa sanda, akasaliwa na kuzikwa kama Waislamu wengine. Na hata ikipatikana sehemu tu ya mwili, sehemu hiyo husaliwa. Aidha, imepokewa katika hadithi inayotaja mashahidi saba wasiokuwa wa vitani kwamba aliyekufa kwa moto ni mmoja wao, pamoja na aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo. Mwambie maalimu wa msikiti ayaseme haya mbele ya mama wa marehemu, tena ayaseme polepole. Mama wa sahibu yangu aliyarejea maneno hayo mwaka mzima.

Kuhusu hitma, siku ya saba na arubaini, wengine husoma na wengine huona kwamba si katika Sunna, na matangani si mahali pa mabishano hayo. Fuata nyumba inavyotaka. Nitasema jambo moja tu: kama hitma inapikiwa kwa mchele wa kukopa, rafiki ndiye anayeweza kulisema hilo bila ya kuonekana bahili, na alisemee jikoni kwa dada wa marehemu, asilisemee barazani.

Hatua ya pili: madeni, amana na ahadi

Hapa ndipo rafiki anapopata fungu lake, nami nawaomba wasomaji wasiipite hatua hii kwa haraka.

Siku ya kuzika hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu awaone ndugu zake. Wenye madeni makubwa hujitokeza. Wenye madeni madogo huona haya wakanyamaza, na deni likabaki palepale shingoni mwa maiti. Wewe uliyekuwa ukitembea naye unazijua njia zake, kwa hiyo zipite tena moja baada ya nyingine: duka alilokuwa akichukua kwa mkopo, na uombe kuliona daftari lenyewe badala ya kuuliza kwa mdomo, fundi cherehani aliyeachiwa kitambaa, kikundi cha upatu alichokuwa akichangia, na kama alikuwa ameshapokea zamu yake au bado, fundi wa baiskeli, mtu wa mwisho aliyemuazima chombo. Andika kila kitu, hata cha shilingi mia tano, kisha mpelekee kaka mkubwa wa marehemu orodha hiyo mkononi, mkiwa wawili tu.

Sahibu yangu alikwenda kwenye moto na mundu wa kuazima. Tuliupata siku ya tatu, bamba tupu bila ya mpini, limegeuka rangi ya buluu kwa joto. Nilinunua mwingine mjini nikampelekea mwenyewe, jirani yake, naye akaupokea kwa mikono miwili, akautazama, kisha akanirejeshea akisema kwamba mundu wake hajaudai mtu. Nilimwachia mlangoni. Asubuhi niliukuta umesimamishwa kwenye mlango wangu. Hatukuzungumza tena kuhusu mundu, lakini deni lilikuwa limeulizwa, na kuuliza ndiko kunakotakiwa.

Baada ya madeni zinakuja ahadi, ambazo haziandikwi katika daftari lolote. Ijumaa ya kwanza baada ya maziko, kiasi cha saa nne za asubuhi, mtoto wa kike wa miaka saba hivi alipiga hodi kwangu akasema, "Bibi anauliza dumu lake." Sikumwelewa. Nilimfuata hadi nyumba ya mwisho ya kitongoji, nikamkuta ajuza asiyeona amekaa ukumbini juu ya mkeka, na pembeni ya mlango kuna alama mbili za duara katika sakafu ya saruji, zimezama kidogo, zilizochimbwa na madumu mawili ya maji yaliyokuwa yakiwekwa mahali palepale kwa muda mrefu. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kusali, sahibu yangu alikuwa akijaza madumu hayo mferejini na kuyapeleka kwa baiskeli, moja kila upande. Nilisuhubiana naye miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kunitajia jambo hilo hata siku moja. Yule bibi alikuwa ameshaambiwa habari ya kifo. Alichotaka kujua ni dumu litaletwa na nani.

Kwa hiyo, fanya hivi. Kwa muda wa wiki sita za mwanzo, waulize watu ambao kwa kawaida hawaulizwi: watoto wadogo, wazee wasiotoka, muadhini, mpika chapati, mwenye kuchunga ng'ombe. Swali liwe jepesi: "Alikuwa akikupitia siku gani?" Utakapoipata orodha, igawe. Zipo ahadi utakazozichukua mwenyewe, zipo za kumkabidhi mtu mwingine, na zipo za kuzifunga kwa heshima kwa kumwendea mhusika na kumwambia wazi kwamba jambo hili halitaendelea. Kinachoumiza ni ahadi iliyoachwa hewani. Nayo ahadi unayoichukua iwekee mpaka tangu mwanzo. Mimi nilimwambia bibi kwamba nitaleta kila Ijumaa isipokuwa nikiwa safarini, na nikiwa safarini nitamtuma mtu. Mjane naye ana mipaka yake ya kisheria na ya kiadabu: msaada wako umfikie kwa mkono wa mkeo, wa dada yako au wa ndugu zake, usiende kupiga hodi mwenyewe eti kwa kuwa mlikuwa kama ndugu.

Hatua ya tatu: sauti na picha, kabla hazijapotea

Hatua hii ni ya haraka na ina muda wake. Laini ya simu isiyotumika hufungwa, na namba ikapewa mtu mwingine. Mimi nilipiga namba ya sahibu yangu mwezi wa tano, bila ya sababu ya maana, akapokea kijana mwenye sauti ya furaha akaniuliza nani mwenzangu. Kabla hayajakufika hayo, hifadhi ujumbe wote wa sauti aliokutumia, uuhamishie katika simu nyingine na katika kadi ya kumbukumbu, na kila faili ulipe jina lenye tarehe na jambo linalozungumzwa. Usiyadharau yale mafupi. Ujumbe ninaouthamini kuliko wote una sekunde tisa, ananiambia tungule zimeshuka bei na kwamba nisisahau kamba.

Picha za watu wa shamba ni chache, na mara nyingi familia huishia kukuza picha ya kitambulisho, ambayo humwonyesha mtu kana kwamba anasubiri hukumu. Watafute waliooa katika miaka mitano iliyopita, wakupe picha zao za harusi. Katika safu ya nyuma, nyuma ya wenye kanzu mpya na kofia za kiua, utamwona anacheka na mtu asiyeonekana.

Hatua ya nne: andika habari ya kifo mara moja, kisha uifunge

Kifo cha moto kina tabia ya kummeza mtu mara mbili. Kwanza humchukua mwenyewe, kisha humchukua katika mazungumzo, kwa kuwa kila anayetajiwa jina lake hukimbilia kusimulia ndimi za moto, upepo na ukelele, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka alikuwa akipenda nini. Dawa yake ni kuiandika habari ya kifo kwa ukamilifu mara moja tu, ili isihitaji kusimuliwa upya kila siku.

Subiri arubaini ipite. Mwendee kila shahidi peke yake, kwa kuwa watu wawili wakikaa pamoja hutengeneza kisa kimoja kilichonyooka kuliko ukweli. Mwulize alisimama wapi, aliona nini kwa macho yake, na jambo gani aliambiwa baadaye. Hayo mawili yaandike mbalimbali. Pima muda kwa sala, kwani hakuna aliyetazama saa. Usiandike neno la kulaumu wala la kusifu. Karatasi yangu, ambayo ni ukurasa mmoja na robo, ina maneno ya namna hii:

"Moto ulivuka njia ya gari la ng'ombe baada ya sala ya adhuhuri. Waliokuwapo walikuwa watu kumi na wanne, wakiupiga kwa matawi mabichi. Marehemu alitoka pamoja na wenzake upande wa kisima. Akauliza kama mchunga mbuzi ameonekana. Hakuna aliyejua. Akarudi ndani kwa njia ya mkwaju. Mtoto alikuwa ameshatoka kwa njia ya pwani, pamoja na mbuzi wote. Hayo yalijulikana baada ya alasiri."

Nilipomaliza niliwasomea kaka zake, wakasahihisha mambo mawili, tukatia katika bahasha, na nakala moja ikabaki kwao. Sasa mtu akianza kusimulia barazani kwamba marehemu alifuata mbuzi wake mwenyewe kwa tamaa, kwa kuwa hilo nalo limesemwa, mimi hujibu tu kwamba habari imeandikwa, mwenye kuitaka aje aisome.

Hatua ya tano: andika habari ya maisha, na uiandike kwa vitu

Ukimwuliza mtu marehemu alikuwaje, atakujibu kwamba alikuwa mtu mwema, mwaminifu, hana makuu. Maneno hayo ni kweli na hayana faida yoyote, kwani ndivyo anavyosemwa kila maiti kutoka Nungwi hadi Kizimkazi. Uliza kuhusu vitu. Alikuazima nini? Ulimuazima nini, na alikirejesha katika hali gani? Alikaa upande gani wa baraza? Kahawa aliinywa na kashata au bila kashata? Kwa njia hii nilijua kwamba kila alichoazima alikirejesha kikiwa safi kuliko alivyokichukua, kiasi kwamba fundi mmoja wa seremala alikuwa akimpa msumeno wake makusudi pale unapoanza kuwa butu. Uaminifu wa sahibu yangu uko katika meno ya msumeno huo.

Weka daftari moja, kurasa mia moja zatosha, na uandike kisa kimoja katika kila ukurasa, pamoja na jina la aliyekisimulia. Usipange kwa tarehe. Ukifika kisa cha arubaini utaanza kuona tabia ambayo wewe uliyekuwa karibu hukuiona.

Anayejiweza na atunge. Kwa Waswahili maombolezo yana nyumba yake katika ushairi, na bahari nyepesi kuliko zote kwa anayeanza ni ya utenzi: ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani nane, vipande vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Hesabu mizani kwa vidole, wala usione haya. Huu ni ubeti wangu mmoja kati ya kumi na saba:

Ulitoka asubuhi
Kwa salamu na furahi
Nikenenda nikuwahi
Moto ukatangulia

Kipande cha pili kilinichukua wiki nzima, kwa sababu kila mara nilikuwa nikiutia moto ndani yake kabla ya wakati wake. Mshairi mmoja mtu mzima wa Makunduchi aliyenisikiliza alinishauri neno moto lionekane mara moja tu katika utenzi mzima. Nilimtii, na ushauri huo ulinifaa hata nje ya ushairi.

Hatua ya sita: aliyewasha, na aliyetafutwa

Karibu kila moto wa maweni una mtu aliyeuwasha bila kukusudia, na katika kijiji kidogo mtu huyo anajulikana. Ikiwa lipo jambo la polisi au la Sheha, liache lifuate mkondo wake, na jamaa wa marehemu ndio wenye kauli. Rafiki hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mama. Mamlaka aliyo nayo ni madogo zaidi: anaweza kuamua kama atamjibu salamu.

Sitajipamba. Kwa miezi minane sikumjibu ila kwa kutikisa kichwa. Alikuwa amechoma konde lake saa tano za mchana, siku ya upepo, peke yake, na hayo matatu yote kila mkulima anayajua. Siku moja nilimkuta mferejini, akashika dumu langu la pili bila ya kuulizwa, akalibeba hadi kwa bibi, akaliweka juu ya alama yake, akaondoka. Niliona kwamba alikuwa akiijua siku, saa na mlango. Ninayoweza kumshauri msomaji ni kwamba usijilazimishe mapema na usiape mbele ya watu kwamba hutazungumza naye kamwe, kwa sababu kiapo cha namna hiyo humfunga aliyeapa.

Aliyetafutwa ni jambo jingine, na ni zito zaidi. Yule mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakufanya kosa lolote. Alifanya alilofundishwa, akatoka mapema na mbuzi wake. Lakini watu wazima walikuwa wakisema mbele yake, wakiwa na huruma tele, "Huyu ndiye aliyefiwa na mtu." Mtoto wa aina hii asiulizwe habari ya siku hiyo na yeyote, hata wewe mwandishi wa daftari. Aambiwe mara moja, na mtu anayemwamini, kwamba alifanya sawasawa. Kisha apewe kazi inayomhusisha na marehemu kwa njia isiyokuwa ya moto. Sisi tulimpa baiskeli, kwa idhini ya mjane, na sharti la kuifikisha kwa fundi kila inapolegea mnyororo.

Hatua ya saba: mti, maji na njia ya moto

Wengi hufikiria kwanza kupanda mti, na ni wazo jema, maana kila anachokula ndege, mnyama au binadamu kutokana na mti huo huandikwa kuwa sadaka. Lakini mti wa kumbukumbu uliokauka ni msiba wa pili. Katika maweni tafuta shimo lenye udongo mweusi unaozidi kina cha mkono hadi kiwiko, panda mwanzoni mwa masika, na uchague mti unaovumilia mawe, kama mkwaju, muarobaini au mtondoo. Mshelisheli na mshokishoki waachie ndugu zetu wenye udongo mzuri wa upande wa magharibi na wa Pemba. Usipande ndani ya eneo la hifadhi, iwe ni Jozani, Kiwengwa au Ngezi, bila ya kuzungumza na wahusika wa misitu, hata kama hapo ndipo alipofia. Msitu huo una utaratibu wake wa kurudi.

Ukitaka kutoa kisima, tangi au kipande cha ardhi chenye miti, kifanye kuwa wakfu kwa maandishi na kwa mashahidi, na ukipitishe katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ili wajukuu wasije wakauziana sadaka ya mtu.

Sisi tulichagua njia ya moto. Kila mwaka, Jumapili ya mwanzo ya Januari, watu wa vitongoji viwili hukutana alfajiri na kufyeka ukanda unaotenganisha makonde na msitu, wenye upana usiopungua mara mbili ya urefu wa vichaka vya pembeni, kisha hufagia majani makavu hadi mawe yaonekane. Mwenye kutaka kuchoma konde lake hutoa taarifa kwa Sheha na kwa majirani, huchoma mapema asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, huwa na watu wasiopungua sita wenye maji na matawi mabichi, na huanzia upande ule ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole dhidi ya upepo. Wakati wa kaskazi upepo hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo kiberiti huwashwa kwenye pembe ya kusini magharibi. Makosa makubwa hutokea baadaye, watu wanapokwenda kula. Moto wa maweni huingia katika mizizi iliyopita ndani ya nyufa za mawe, ukalala humo hata siku tatu, kisha ukatoka mahali usipopategemea. Lazima mtu abaki, na lazima visiki vikaguliwe kimoja kimoja.

Siku hiyo haina hotuba wala fulana zenye picha. Kwa wanaotaka jina, mama wa marehemu amekubali liandikwe kwa chaki kwenye dumu kubwa la maji ya kunywa, nalo hufutika kabla ya adhuhuri.

Ikiwa sahibu yako alifia ugenini

Wazanzibari wametawanyika, na moto wa misitu umewafika watu katika miji yenye mabarabara na vikosi vya zimamoto: moto uliounguza mji wa Paradise, California, na vijiji vya jirani uliua watu 85 mwezi wa Novemba 2018, na ule wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, Hawaii, zaidi ya 100 mwezi wa Agosti 2023. Katika misiba hiyo utambuzi wa miili ulitegemea vipimo vya vinasaba, na uliwachukua baadhi ya jamaa wiki nyingi. Usitangaze kifo kwa kuwa simu haipokelewi. Kifo kikishathibitika, madhehebu ya Shafi yanaruhusu kumsalia maiti aliye mbali, kama Mtume alivyomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, na eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya kifo wala si siku ya kupata habari. Hatua nyingine zote zinabaki kama zilivyo, isipokuwa ya madeni, ambayo itakulazimu kuifanya kwa simu na kwa subira.

Mwili wako mwenyewe

Sisi tunaishi ndani ya moshi: kuni, tanuri la makaa, chokaa, majani yanayochomwa uani. Kwa mwaka wa mwanzo harufu hiyo ilinisimamisha popote nilipokuwa. Waambie watu wa nyumbani, wakuarifu kabla ya kuwasha, na ukae upande upepo unakotoka. Mwezi wa Julai, kwenye Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo kibanda cha makuti huchomwa moto na waliomo ndani wakatoka mbio, na wenyeji husema kwamba ni kwa ajili ya kukumbushana kusaidiana, sikwenda kwa miaka mitatu, na hakuna aliyenilaumu. Usingizi ukikukimbia kwa zaidi ya mwezi, au ukawa unaona yale usiyotaka kuyaona ukiwa macho, nenda kituo cha afya ukaseme. Na ukipelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, nenda, waache wanaocheka wacheke. Mimi nilikwenda mara nne.

Mwaka huu ukaguzi wa visiki tulimwachia yule mchunga mbuzi, ambaye sasa ana miaka kumi na minane. Hakanyagi, wala hamwagi maji ovyo. Huinama akapeleka mgongo wa mkono juu ya kila kisiki, bila ya kukigusa, kama anavyopimwa homa mtoto aliyelala, akasubiri kidogo, kisha akaenda kwenye kingine. Alimaliza baada ya magharibi. Baiskeli aliiegemeza kwenye mkwaju, madumu mawili yakining'inia ubavuni, kwa kuwa yule bibi siku hizi anataka maji na Jumapili pia.